Juu ya "Saruji ya Mifupa" na Maneno Yaandamanayo Nayo

Miongoni mwa tafsiri zilizoletwa kwetu kusomwa kabla ya kupigwa chapa, ilikuwamo moja ya kijitabu cha kurasa sita kilichotungwa na hospitali moja ya ng'ambo kwa ajili ya wagonjwa wake. Baadhi ya wagonjwa hao ni wazee wasemao Kiswahili, waliowafuata watoto wao huko, nao hutakiwa kuyasoma maelezo hayo, au kusomewa, kabla ya kutia sahihi au dole gumba kwenye hati ya ridhaa. Shughuli inayoelezwa ni ya kuingiza kwa sindano kitu kiitwacho saruji ya mifupa ndani ya mfupa wa mgongo uliovunjika kwa sababu ya maradhi ya kupungua kwa mifupa. Mfasiri wake hatutamtaja. Anakijua Kiswahili vizuri. Sentensi zake zinakwenda, na upatanisho wa ngeli haumshindi. Hata hivyo tulipomaliza kukisoma tulijiuliza: mzee aliyekisoma kijitabu hiki na kukiamini chote atakuwa ameridhia jambo gani? Jibu letu ni kwamba ataridhia jambo lisilotendwa na hospitali ile wala na hospitali nyingine yoyote. Makala hii inakusudia kueleza jinsi hali hiyo ilivyotokea, kwa maana haikutokea kwa uvivu.

Yafaa kwanza tukieleze kitu chenyewe, kwani istilahi haiwezi kupimwa na mtu asiyekijua kinachotajwa. Mfupa wa mtu aliye hai haukai kama jiwe. Kila siku sehemu zake ndogo ndogo huvunjwa na kujengwa upya. Umri unapoendelea, na hasa kwa wanawake baada ya kukoma hedhi, uvunjaji huupita ujenzi, na vile vijiti vyembamba vilivyo ndani ya mfupa hupungua unene na kukatika. Mwaka 1994 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliweka kipimo: wingi wa madini ya mfupa ukiwa chini ya wastani wa wanawake vijana kwa mikengeuko sanifu 2.5 au zaidi, mtu ahesabiwe kuwa na maradhi haya. Mfupa wa mgongo uliofikia hali hiyo waweza kubonyea mtu anapoinua ndoo ya maji, anapokohoa, au bila sababu yoyote inayokumbukwa. Aghalabu hubonyea upande wa mbele ukawa na umbo la kabari. Ikibonyea mifupa kadhaa, mgonjwa hupungua kimo na kuota kibiongo. Wengi hawajui hata kwamba wamevunjika. Wengine hupata maumivu makali, ambayo kwa walio wengi hupungua yenyewe katika muda wa majuma machache au miezi michache.

Kitu kinachoingizwa ni plastiki. Jina lake la kikemia ni polimethilimethakrilati, nayo ni ya jamii ya akriliki, jamii moja na ile itengenezewayo meno ya bandia. Huja kwa sehemu mbili, unga na majimaji; vikichanganywa huwa uji, kisha kinyunya, kisha jiwe, yote kwa muda wa dakika chache, na joto hutoka wakati wa mageuzi hayo. Aghalabu hutiwa salfati ya bari ili ionekane katika eksirei. John Charnley, daktari mpasuaji wa Uingereza, ndiye aliyeieneza tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 alipokuwa akishikiza nyonga za bandia. Aliipata kwa wataalamu wa meno wa Manchester, jambo tutakalolirudia. Mwaka 1984, katika mji wa Amiens, Ufaransa, Pierre Galibert na Hervé Deramond waliiingiza kwa sindano katika mfupa wa shingo wa mgonjwa aliyekuwa na uvimbe wa mishipa ya damu, na habari hiyo ikachapishwa mwaka 1987. Baadaye njia hiyo ilihamishiwa kwa wenye mifupa iliyopungua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Wamarekani waliongeza njia ya pili, ambamo puto dogo hutangulizwa ndani ya mfupa na kuvimbishwa ili kuinua kilichobonyea, kisha puto hutolewa na plastiki kujazwa mahali pake.

Sasa tukirudie kijitabu. Kinaanza hivi: "Umeambiwa kwamba uti wako wa mgongo umevunjika." Msomaji wetu akiisoma sentensi hiyo atakaa chini, ikiwa alikuwa bado anaweza kusimama. Uti wa mgongo katika Kiswahili ni kitu kimoja kizima. Ndiyo maana viongozi wetu wamesema kwa miaka mingi kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, wala hapajatokea mtu aliyedhani kuwa wanasema juu ya kipande kimoja kati ya 33. Aliyevunjika uti wa mgongo, kwa mazungumzo ya kila siku, ni yule aliyeanguka kutoka mnazini na ambaye hatatembea tena. Isitoshe, katika zahanati zetu maneno "uti wa mgongo" yamekuwa ufupisho wa homa inayojulikana na kuogopwa na watu wote. Neno moja linabeba mifupa, linabeba kamba ya neva ipitayo ndani ya mifupa hiyo, na linabeba homa; na mgonjwa, akiwa na hofu, atachagua lile lililo baya zaidi.

Lugha inalo neno pingili, la muwa na la mwanzi, ambalo limekwisha kuzoeleka katika vitabu vya elimu ya viumbe kwa maana hii hii. Mkulima yeyote ajua kwamba pingili moja ya muwa ikibonyea, muwa haujakatika. Kwa hiyo "pingili moja ya mgongo wako imebonyea" ni kauli ya kweli, na haimwui mtu kabla ya wakati wake. Madaktari watasema kwamba kubonyea huko ni kuvunjika, nao wana haki; katika maandishi yao na iwe "mvunjiko wa kubonyea". Ama ile kamba ya neva, tunapendelea ugwe wa mgongo, ili uti ubaki kuwa mifupa.

Jina la maradhi limefasiriwa "kuoza kwa mifupa". Hili halina utetezi. Kinachooza hunuka, hutoa usaha, na mara nyingine hukatwa. Na yapo maradhi mengine ya mifupa yanayostahili maneno hayo. Mwingine angefuata asili ya neno katika Kiyunani, ambako kuna mfupa na kitundu, akapata "mifupa yenye vinyweleo". Kosa lake ni kwamba mfupa mzima wenye afya nao una vitundu ndani. Ugonjwa hauko katika kuwapo kwa vitundu bali katika kupungua kwa kuta zake. "Udhaifu wa mifupa" ni kauli salama lakini pana mno, kwa kuwa mtoto mwenye matege naye ana mifupa dhaifu. Sisi tumevutwa na kitenzi kukonda. Mtu anayekonda hajaoza wala hajatoboka: amepungukiwa na mwili wake mwenyewe, polepole, na pengine bila kujua mpaka nguo zimemzidi. Mifupa iliyokonda ni hivyo hivyo. Tunatoa "kukonda kwa mifupa" kwa majaribio, tukikiri kwamba mtu mnene atashangaa kuambiwa kwamba mifupa yake imekonda. Mshangao huo wafaa, kwani utamfanya aulize. Wataalamu wakitaka osteoporosisi kati yao, hatuna ugomvi nao.

Tumefika kwenye neno saruji, na hapa hatuna budi kukaa kidogo. Sentensi ya kijitabu ni hii: "Saruji ya mifupa itaunganisha mfupa uliovunjika, na ikikauka mgongo wako utakuwa imara kama zamani." Asili yake inasema tu kwamba kitu hiki hujaza nafasi ndani ya mfupa na kuutegemeza. Yote yaliyozidi yametoka katika neno saruji lenyewe. Mfasiri aliliandika, akamwona fundi mwashi, na tangu hapo alikuwa akimfasiri fundi mwashi.

Tuanze na kiunganishi kidogo -a. Unga wa mahindi umetokana na mahindi. Unga wa mifupa, ambao wafugaji huununua kwa ajili ya kuku, umetokana na mifupa. Basi saruji ya mifupa itakuwa imetokana na nini? Tulimsomea sentensi hii mzee mmoja jirani yetu bila maelezo yoyote, naye aliuliza papo hapo: mifupa ya mnyama gani? Swali lake si la mzaha. Kwa Mwislamu, na kwa watu wengine wenye miiko yao, jibu la swali hilo laweza kuwa ndilo linaloamua kama mkono utatia sahihi. Plastiki hii haina mfupa wa mnyama wala wa mtu ndani yake. Lakini istilahi imekwisha kusema vinginevyo, na hakuna ukurasa wowote kati ya ile sita unaosahihisha.

Kisha kuna "itaunganisha". Saruji ya jengo, machoni pa watu, kazi yake ni kushika tofali na tofali. Wapasuaji, tangu siku za Charnley, wamesisitiza kwamba saruji yao haigundishi kitu. Hupenya ikiwa laini katikati ya vijiti vya mfupa, ikagandia humo, ikashika kwa sababu imeingiliana navyo. Mfano ulio karibu nasi ni nyumba ya miti: udongo ukishindiliwa kati ya fito haugundishi ufito na ufito mwenzake, bali hujaza nafasi na kuuzuia ukuta usicheze. Mwenzetu mmoja alipendekeza tuseme "kukandika pingili". Tulicheka, kisha tukaacha kucheka, maana picha yake ni sahihi kuliko zote. Tumeiacha kwa kuwa kukandika huhusu pia kupaka nje, na hapa hakuna kinachopakwa.

Na "ikikauka"? Hata katika ujenzi neno hili ni la mtazamaji, si la fundi. Fundi humwagilia sakafu mpya maji siku baada ya siku, wala hafanyi hivyo ili ikauke. Yeye husema saruji imeshika, na zege limekomaa. Plastiki ya pingili nayo haikauki, hushika kwa mageuzi ya kikemia, tena mgonjwa angali juu ya meza. Tunatilia mkazo jambo hili dogo kwa sababu lina matokeo. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba ana saruji mbichi mgongoni itakayokauka ataogopa kuoga, ataogopa kulala chali, na huenda akajifungia kitandani siku nyingi, ilhali kulala sana ni adui wa mifupa iliyokonda.

Je, neno saruji litupwe? Tumelijadili kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Wapo waliotaka gundi, na wapo waliotaka ulimbo. Yote mawili yanarudia kosa la kuunganisha, na la pili linanasa ndege. Katika maandishi ya wataalamu saruji haina budi kubaki, kwa kuwa lugha nyingi za tiba zimelishika neno la maana hiyo, na kwa kuwa zipo saruji za mfupa ambazo kweli ni za madini, zinazotengenezwa kwa fosfati za kalsiamu. Ila hapo hapo ndipo haja ya kutofautisha inapotokea: "saruji ya akriliki" kwa ile, na "saruji ya fosfati" kwa hii. Kiunganishi -a kinarudia kazi yake ya haki, yaani kutaja kitu kilichofanyizwa.

Kwa mgonjwa, lakini, tunaona njia nyingine, na tumeionyeshwa na historia. Tulisema kwamba Charnley aliipata plastiki yake kwa wataalamu wa meno. Waswahili nao wamekwisha kwenda kwa watu wa meno, na lugha yao imerudi na maneno yanayotosha. Aliyezibwa jino husema amezibwa jino. Hasemi kwamba jino limepona, wala hadhani kwamba limeota upya; ajua kuna kitu kigeni kimejaza pengo, kwamba jino lililobaki ni lile lile, na kwamba asipoacha sukari jirani yake litafuata. Ujuzi wote huo umo katika kitenzi kimoja, nao ndio hasa mgonjwa wa pingili anaopaswa kuupata. Maana kujaza pingili moja hakuiponyi mifupa mingine, ambayo bado inakonda na bado inahitaji matibabu yake yenyewe. Kuziba hakutufai moja kwa moja, kwa kuwa pingili iliyobonyea haina tundu lililo wazi. Tunapendekeza kujaza: "kujaza pingili", na jina la kitendo "ujazaji wa pingili" mahali pa vertebroplasti. Tusiseme ujazo, ambalo wanahisabati wamekwisha kulichukua. Ile njia ya pili iwe "ujazaji kwa puto", badala ya kaifoplasti. Na kitu chenyewe, kwa mgonjwa, kiwe "plastiki ya kujazia pingili".

Tumebakiwa na neno ambalo mfasiri hakulifikiria hata kidogo, kwa sababu ni letu sote: tiba. Jina la kijitabu ni "Tiba ya Saruji". Mtu atasema kwamba tiba na matibabu ni mamoja. Katika kamusi huenda yakawa mamoja. Katika masikio ya watu siyo. Kwa miongo kadhaa wananchi wetu wameambiwa kwamba UKIMWI hauna tiba, na wakati huo huo wakaambiwa kwamba yapo matibabu na yafuatwe. Hakuna aliyeona kwamba kauli hizo mbili zinapingana. Tiba, basi, ni kile kinachomaliza ugonjwa. Matibabu ni shughuli. Anayeandika "Tiba ya Saruji" ameahidi kumaliza.

Ahadi hiyo haina msingi, na haina msingi hata kwa maumivu yenyewe, achilia mbali ugonjwa. Mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha kwa pamoja taarifa za majaribio mawili, moja la Australia la wagonjwa 78 lililoongozwa na Rachelle Buchbinder, na jingine la wagonjwa 131 lililoongozwa na David Kallmes wa Marekani. Baadhi ya wagonjwa walijazwa. Wengine walilazwa mezani vile vile, wakatiwa ganzi, na hata harufu ya ile plastiki ikaachwa ienee chumbani, lakini hawakujazwa kitu. Maumivu yalipungua pande zote mbili, na tofauti ya maana haikuonekana. Ubishi ulizuka, nao haujakwisha. Wengine walisema kwamba wagonjwa wengi mno walikuwa na mivunjiko ya siku nyingi. Jaribio jingine la Australia, lililotangazwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet, liliwachukua wagonjwa 120 waliovunjika chini ya majuma 6 na kuona faida. La Uholanzi la mwaka 2018, la wagonjwa 180, halikuiona. Mwaka 2010 chama cha wapasuaji wa mifupa wa Marekani kilishauri njia hii isitumiwe kwa mivunjiko ya aina hii, na mwaka 2013 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu iliiruhusu kwa wenye maumivu makali yasiyosikia dawa. Si kazi ya baraza la lugha kuamua nani ana haki. Lakini mfasiri akiandika "tiba" ameamua, tena bila kujua kwamba kulikuwa na kesi.

Na pale kijitabu kilipojaribu kuwa mkweli, lugha ilikiangusha. Kinasema kwamba tafiti fulani zililinganisha shughuli hii na "tiba ya uongo". Msomaji afahamu nini, ila kwamba madaktari huwadanganya wagonjwa, na kwamba huenda na yeye ni zamu yake? Washiriki wa majaribio yale waliambiwa tangu mwanzo kwamba wangeweza kuangukia upande wowote. Uongo haupo, upo mwigo. "Shughuli ya mwigo" inatosha.

Kipande kilichotushughulisha tumekiandika upya kama ifuatavyo, nacho tumekipeleka kwa mfasiri:

"Pingili moja ya mgongo wako imebonyea kwa sababu mifupa yako imekonda. Daktari anaweza kuijaza pingili hiyo kwa plastiki laini, ambayo hushika na kuwa ngumu kabla hujaondoka mezani. Plastiki hiyo haina kitu cha mnyama. Haiunganishi mfupa, bali hujaza nafasi na kuutegemeza. Baadhi ya wagonjwa husema maumivu yao yamepungua. Wataalamu hawajaafikiana kama kupungua huko huletwa na plastiki, kwa kuwa maumivu haya mara nyingi hupungua yenyewe. Plastiki huweza kuvuja nje ya pingili, na mara chache ikafika kwenye neva au, kwa njia ya mishipa ya damu, kwenye mapafu. Kujazwa pingili hakuzuii mifupa mingine kukonda. Muulize daktari juu ya matibabu ya hiyo."

Mfasiri alitujibu kwa adabu kwamba maneno yetu yameyazidi yake kwa mistari minne, na kwamba hospitali imeruhusu kurasa sita tu. Ni kweli yamezidi. Tumemshauri aiondoe picha ya jengo la hospitali iliyoko ukurasa wa pili.